Udongo Uliochoka

Nyirabahire alikuwa mlangoni akichambua maharage, jua limeshaanza kuteremka nyuma ya vilima vya Kingi, udongo wa shamba lake ulipopanda njia ya ng'ombe na kuingia ndani. Ulipita kando ya miguu yake, ukazunguka mafiga, ukajilaza kwenye mkeka karibu na ukuta. Ulikuwa ule mweusi wa juu, unaoshika mbegu. Ukilala ulilingana na ndama. Nyirabahire alisogeza ungo ili uwe na nafasi, akaendelea kuchambua.

Kanamugire, mumewe, aliporudi na ng'ombe aliuliza kama umekula. Mkewe akamjibu kwamba bado. Basi wakaumwagia maziwa kidogo, ukayanywa, ukalala tena.

Kilichouleta kilijulikana. Mama yake Nyirabahire alimfundisha tangu utotoni, huko Rwanda walikotoka: ng'ombe anakula mlima, shamba linakula ng'ombe, sisi tunakula shamba. Ndivyo walivyoishi hata walipohamishiwa huku Kingi, katika Masisi. Kisha akaja Muzungu wa pareto, yale maua meupe ya kuulia wadudu, akachukua kilima kizima cha ng'ambo. Maua yake yalikuwa na njaa. Ikatolewa amri kwamba kila nyumba yenye ng'ombe ipeleke mbolea ya zizi kwake kila Jumatatu, kichwani, na kikapu kijae. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, na wenyeji ndio wakaugua.

Mama Françoise, jirani yake, Mhunde, mwenyeji wa huku aliyezaliwa Kalembe, alisema kwao shamba lisilopata mbolea hulazwa. Linaachwa misimu kadhaa lipate majani, lipumzike, ndipo liamshwe. Lakini hilo nalo lilikatazwa. Serikali ilitaka kila shamba lilimwe kila msimu, na shamba lililolala lilikuwa kosa la mwenyewe. Sasa niambieni: ukimnyima mtu chakula, ukamnyima na usingizi, unamtaka aende wapi? Udongo ulikwenda kulala kwa mwenye shamba, kama ambavyo ningefanya mimi, na nyinyi pia.

Nyirabahire aliutunza. Aliufunika kwa majani makavu, akaupa majivu ya jikoni na maganda ya ndizi, na mkojo wa ndama pale ulipopatikana. Watoto walikatazwa kuukanyaga. Polepole ukaanza kupata nguvu. Nyungunyungu walirudi, na asubuhi moja majani mawili ya mchicha yakaonekana begani mwake. Akiba ya maharage ilikuwa imebaki kidogo tu ndani ya mtungi. Ukipona kabla ya mvua, watoto watakula. Usipopona, hawatakula. Nyumba nzima ililijua hilo, na udongo wenyewe ulilijua.

Moniteri wa kilimo, Isidore, kijana wa misheni mwenye kofia ya kaki, alifika kukagua mashamba. Pale kwa Nyirabahire akakuta changarawe nyeupe tupu. Hakuuliza mengi. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, akapiga hodi kwa adabu, akainama mlangoni na kuutazama mkeka.

"Mama, udongo inafanya nini mu nyumba?"

"Inachoka, Papa. Njo inapumuzika."

"Itarudia ku shamba lini?"

"Ikipona. Ata sasa iko inaendelea muzuri. Uiache tu, mvua ikianza itatoka yenyewe."

Isidore alikuwa mtoto wa mkulima. Alichutama, akaugusa, akaona kwamba mama huyu anasema kweli. Lakini ilimpasa kumweleza bwana wake, agronome, mtaalamu wa kilimo wa serikali, kwa Kifaransa. Neno la kuchoka alilijua tangu darasa la pili. Alijua pia kwamba agronome hakulipenda, maana kitu kikichoka lazima kuna aliyekichosha. Isidore alisimama mbele ya meza ya bwana wake, kofia mkononi, akasema udongo wa Nyirabahire ni mvivu.

Uvivu ulikuwa na sheria yake. Kanamugire alifungwa buloko kwa kufuga uvivu nyumbani. Udongo ukahukumiwa kazi kwa Muzungu wa pareto, ufundishwe bidii. Askari walikuja asubuhi na kamba. Haikuhitajika. Uliamka wenyewe, ukatoka, ukaingia kwenye mstari wa wachukuzi, ukateremka nao bondeni na ule mchicha wake begani. Nyirabahire aliusindikiza hadi mtoni akilia kwa sauti, na hakuona haya, kwa nini aone haya? Wezi ndio hawakulia.

Mvua zikaja. Amri ikaja pia: achimbe mifereji shambani ili udongo usichukuliwe na maji. Nyirabahire alichimba mifereji kwenye changarawe, kuulinda udongo ambao serikali ilikuwa imeshauchukua. Akapanda maharage. Maharage yaliota, yakatazama huku na huku, yakarudi chini. Watoto walikula majani ya kunde ya Mama Françoise hadi nayo yakaisha, kisha mdogo wao akaacha kuomba chakula. Mama yeyote anajua maana yake.

Pareto, kwa upande wake, ilistawi. Wakaja wageni na kamera, na wanawake wa Kingi wakaitwa shambani kwa Muzungu wapate somo. Agronome alichota udongo mweusi, akauinua mbele yao. Isidore akatafsiri: mutazame, Bamama. Udongo yenye kutunzwa haichoke.

Safari hii neno la kuchoka alilitamka.

Nyirabahire alikuwa safu ya mbele. Udongo ulimtambua. Ulichuruzika kati ya vidole vya agronome, ukashuka chini, ukavuka mstari wa pareto na kumpanda miguuni hadi kwenye vifundo. Ulikuwa na joto, umenenepa. Agronome alijifuta mkono kwa kitambaa, akachota mwingine. Somo likaendelea.

Lilipokwisha, Nyirabahire alitembea taratibu kuelekea getini, kila hatua akiangalia asiuangushe. Ule wa miguuni ungetosha tuta moja. Tuta moja la mchicha, na mdogo angeomba tena.

Getini kulikuwa na karai la maji. Askari alisema hakuna anayetoka na udongo wa Muzungu.

"Ni yangu," Nyirabahire akasema. "Ilikuwa inalala kwangu."

"Najua, Mama," askari akasema. "Batu bote banajua. Unawa."

Akainama, akanawa. Aliutoa katikati ya vidole, kidole kwa kidole, akiuambia kwa sauti ya chini ule vizuri na usikubali kuamshwa usiku. Askari alimwaga maji kwenye pareto, akajaza karai tena. Nyuma yake wanawake walikuwa wamepanga mstari hadi mwisho wa uzio, kila mmoja amekunja kitenge magotini, kila mmoja na udongo wake miguuni, wakingojea zamu.