Mawe ya Mwanhembo

Limi, mwenyekiti wa kitongoji cha Mwanhembo, alipofika kwenye ghala la pamba alimkuta mgeni wa halmashauri, Mwanaima, amekwisha kuzima kishikwambi chake. Hiyo haikuwa dalili njema.

"Mama Blessing, watu wako hawatimii," Mwanaima alimwambia Limi. "Nyumba zote nimepita. Kwa hesabu hii hamuwi kijiji. Mtabaki kitongoji vilevile, na ile zahanati mnayoililia watajengewa wenzenu ng'ambo ya mto."

Ng'ambo ya mto! Limi aliujua mto ule. Masika ukifurika, mama mwenye uchungu hukalishwa ukingoni asubiri maji yapungue, kana kwamba na mtoto naye atasubiri.

"Hawatimii vipi, mdogo wangu, na watoto wamejaa kama kumbikumbi?"

"Nimewaona! Kwa Mzee Marselino ua mzima unapiga kelele. Namuuliza, wangapi? Ananijibu, 'Wapo.' Nauliza tena, anasema, 'Mungu anawajua.' Sasa mimi niandike nini? Kesho mchana nafunga kazi, naondoka."

Limi akashika kichwa. Kumbe ndilo hilo! Kwao hata ng'ombe hanyooshewi kidole akahesabiwa, seuze mtoto. Ukimtaja kwa idadi umemwita mwenye husuda aje apunguze. Kila nyumba ilikuwa imewaficha watoto kwa kuwapenda, na kwa mapenzi hayohayo inajinyima zahanati.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Marselino mwenyewe, maana mzee huyo ndiye mtemi wa sungusungu, walinzi wa jadi, na akipuliza filimbi habaki mtu ndani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Limi. Yule mtani wangu Mzaramo bado anatuhesabu? Mwambie akahesabu minazi ya kwao."

"Baba, mficha uchi hazai. Tukizidi kuficha, wake wa wanao watazalia mtoni."

"Mwiko ni mwiko, mwanangu."

"Na mawe je? Kuhesabu mawe nako ni mwiko?"

"Mawe? Nani atayaroga mawe!"

"Basi kesho tupulizie filimbi. Kila mtu aje na jiwe lake moja, aliweke kwenye kile kiwanja tunachokiombea zahanati. Wa mgongoni, mama yake amshikie."

Marselino alicheka hadi akakohoa. Akaenda kuitafuta filimbi.

Asubuhi filimbi ilipolia, Mwanhembo yote ilitoka. "Mwangaluka! Mwangaluka!" wakaamkiana Kisukuma. Wakaja wazee na mikongojo, wakaja vijana waliorudi kutoka machimboni Geita, wakaja watoto wanaburura mawe makubwa kuliko nguvu zao. Mwanaima alisimama kwenye mwanya wa ua wa minyaa uliozunguka kiwanja, wanapita mmojammoja mbele yake, jiwe moja kichwa kimoja.

Mtoto mmoja mtundu, Luka, akajaribu kupita mara ya pili. Klara, mama muuza dagaa, akamdaka shati.

"We Luka! Umezaliwa mara mbili?"

"Hili la pacha wangu!"

"Pacha wako ni uongo. Toka hapo!"

Watu wakavunjika mbavu, na jiwe la Luka likatupwa nje ya ua. Limi yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye lundo. Likapanda likafika magotini, likafika kiunoni, na mstari bado unapinda kule nyuma ya ghala. Hapo ndipo alipoanza kupumua.

Mwanaima naye alisahau ukali wake. "Jamani, hawa wote walikuwa wapi?"

"Walikuwepo," Marselino akajibu, akaweka jiwe lake.

Yakahesabiwa mawe, yakarudiwa. Mwanaima akapanda juu ya kigogo, uso unang'aa.

"Majina nitayafuata nyumba kwa nyumba, na safari hii mtanipa! Ila kwa idadi, ndugu zangu, nyinyi sasa ni..."

"Usiitaje!" Mwanhembo nzima ikapiga kelele, na kina mama wakawaziba watoto masikio.

Mwanaima akafumba mdomo. Akaandika kimyakimya, akainua kichwa, akamtazama Limi.

"Mmezidi," alisema. "Mmezidi kwa mbali, mwenyekiti wa kijiji."

Vigelegele vikapaa, na Limi akalia mbele za watu bila haya.