Ulimi wa Kuazima

Homa iliyompitia mama mwaka jana iliondoka na ulimi wake. Wa kusema ulibaki, tena ukanolewa. Ulioondoka ni wa kuonja. Chumvi, sukari, ndimu, vyote kwake vikawa kama kutafuna karatasi. Mtu mwingine angelilia chakula. Mama alililia haradali.

Haradali ile aliirithi kwa bibi, bibi akairithi kwa mama yake, na hakuna duka linaloiuza. Majani yake ni mapana, yana wekundu pembeni, na ukiyatafuna mabichi yanakupanda puani mpaka unakumbuka dhambi zako zote kwa mpangilio. Ukali huo ndio silaha yake. Mdudu akiliuma jani, jani nalo linamuuma.

Mvua ziligoma misimu miwili. Mbegu zilizokuwa kwenye kopo zikaanza kuzeeka, na mbegu iliyozeeka haioti hata ukiipigia magoti. Kwa hiyo mama alimwaga kopo lote kwenye tuta nyuma ya nyumba, apate mbegu mpya. Ikaota miche arobaini na mmoja. Kwa kadiri tunavyojua, ndiyo iliyobaki duniani. Isipotoa mbegu, basi, tumeizika.

Kisima kilikuwa kimekauka. Boza la maji lilipita kila Jumatatu na kutujazia pipa moja: la kunywa, la kupikia, la kuoga kwa kujipakaza, na la haradali. Ndipo mama akaniita, akaniketisha mbele ya tuta.

"Kuanzia leo wewe ndiye ulimi wangu," akasema. "Kila asubuhi onja jani la kila mche. Likiuma, mche una nguvu, uache na kiu yake. Likipoa, upe kikombe kimoja siku hiyo hiyo."

"Kwa nini tusiupe tu maji?"

"Maji yako wapi? Halafu kiu ndogo huukasirisha mche. Ukikasirika unazidisha ukali, vidukari wanahama. Lakini kiu ikizidi unakata tamaa. Hauna tena nguvu ya kupika ukali, na utomvu wake unakuwa uji wa vidukari."

Vidukari ni wale wadudu wa kijani, wadogo kama ufuta, wanaokaa chini ya jani wakifyonza kama wamelipiwa.

"Kumbe kama mimi," nikasema. "Nikikosa chakula kwa saa tatu nagombana na kila mtu, nikikosa siku tatu nakuwa mpole kama kondoo."

"Redio, punguza sauti uonje."

Redio ndilo jina langu pale nyumbani. Sijui limetoka wapi.

Kulikuwa na sharti moja. Kila baada ya jani, nisukutue kwa funda la maji, niteme, ndipo nihamie mche unaofuata. Bibi alifanya hivyo, mama alifanya hivyo. Mimi niliyemaliza kidato cha nne nikapiga hesabu: mafunda arobaini na moja ni zaidi ya lita moja, kila siku, inatemwa chini huku miche inakauka. Nikajiona nina akili kuliko ukoo mzima. Nikaacha kusukutua. Ile lita nikawa nairudisha kwenye pipa kimyakimya, nikijisifu moyoni kwamba nimeokoa haradali.

Kila asubuhi mama aliketi kwenye kigoda mlangoni, nami nikapita kuanzia kivulini mwa ukuta hadi mwisho wa tuta, kule jua linakopiga.

"Wa kwanza?"

"Unauma."

"Wa ishirini?"

"Unauma, mama. Machozi haya hapa, nikukingie kikombe?"

"Na wa mwisho?"

"Huo ndio babu yao."

Mama alicheka, na kikombe hakikuchotwa. Siku kumi na mbili.

Siku ya kumi na tatu aliinuka mwenyewe, akapapasa jani la mche wa mwisho. Vidole vikanata. Akaligeuza. Upande wa chini haukuwa na nafasi ya kuchomeka sindano, vidukari tupu, wengine wameshaota mabawa.

"Jana uliniambia huu unauma."

"Unauma, mama."

"Onja."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuanzia mwisho, mdomo ukiwa mtupu. Nikapangusa jani, nikatafuna. Nikangoja. Nikatafuna tena. Ilikuwa nyasi. Ilikuwa hata na utamu kwa mbali, na utamu huo ndio ulionitia baridi.

Sikuhitaji kuelezwa. Moto wa mche wa kwanza ndio niliokuwa nikitembea nao ulimini hadi wa arobaini na mmoja.

"Sikuwa nasukutua," nikasema. "Nilikuwa nabana maji."

Mama hakupandisha sauti, na ningeshukuru kama angepandisha. "Ulidhani yale mafunda ni ya kuogesha meno?"

Tukamwita bwana shamba. Alikuja na bomba lake la dawa mgongoni, akageuza majani matatu, akakuna kichwa.

"Mama, dawa ninayo. Inataka lita ishirini za maji safi."

Sote watatu tukaliangalia pipa. Maji yalikuwa ya vidole vinne.

"Na hata yangekuwepo," akaongeza, "mche wenye kiu namna hii, dawa itauunguza."

"Kwa hiyo umetuletea salamu," nikasema. Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Siku hiyo nilionja yote upya, nikisukutua. Minne tu iliuma, yote ya kivulini. Mama akang'oa thelathini na saba kwa mkono wake na kuichoma, maana kila mche uliopoa ulikuwa kambi ya kuivamia ile minne. Niliomba nisaidie. Akasema, "Wewe kaa na ulimi wako."

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, wakamalizia kwa neno nisiloweza kuliandika mbele ya mama. Ulimi wa kuazima hawakuusema. Labda hawakudhani kuna mjinga wa kiasi hicho.

Jumatatu boza halikuja. Jumanne halikuja. Vidukari wenye mabawa walivuka. Mche mmoja ukaenda, wa pili ukaufuata, Jumatano wa tatu. Ukabaki mmoja, una vitumba vya maua vidogo kama vichwa vya kiberiti, na jani lake lilikuwa limepoa. Nilimwambia mama ukweli: "Hauumi."

Akaenda ndani akarudi na kikombe chake cha maji ya kunywa, cha siku nzima. Akaumwagia chote, polepole, karibu na shina. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mimi nikamwaga changu. Kisha tukakaa chini pale, tukiponda vidukari kwa vidole, jani kwa jani, mama akipapasa nami nikitazama, mpaka kucha zikawa kijani. Tulifanya hivyo Alhamisi pia. Redio ilikuwa imezimwa.

Ijumaa asubuhi nikachuma kipande cha jani, kidogo kama ukucha. Nikatafuna. Kikakaa kimya, halafu kitu kikanichoma nyuma ya pua.

"Unauma," nikasema. Nilikuwa nalia.

Mama hakusogea. Alikuwa ameshika kikombe chenye funda moja, la mwisho ndani ya nyumba ile.

"Sukutua kwanza," akasema, akaninyooshea. "Halafu urudie."

Nikasukutua. Nikainama, nikatema juu ya mizizi, lisipotee tone. Nikachuma kipande kingine.