Kichupa Namba Kumi na Saba

Jina la Godoro alipewa na mwalimu wake mwenyewe, mbele ya watu arobaini, wiki ya tatu ya masomo. Alikuwa amelaza shavu juu ya daftari, kalamu bado iko mkononi, mate yakimchuruzika pembeni mwa mdomo. Mwalimu aliwanyamazisha wenzake kwa kidole, akamnyatia, akasimama pale muda wa kutosha kila mtu ashibishe macho. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba chuo kina bahati mwaka huu, kimeletewa godoro na wala hakikuagiza. Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo hata mpishi wa kantini alimwita Godoro, naye akaitika, maana hata kukataa jina kunataka nguvu, na nguvu ndiyo kitu alichokuwa hana.

Mwalimu naye alikuwa na jina lake la mgongoni. Walimwita Hadubini. Alifundisha upimaji wa damu katika chuo cha mafundi wa maabara, na sifa yake kubwa ilikuwa kuona. Aliona alama ya kidole kwenye kioo akiwa mlangoni. Aliona kifungo cha koti jeupe kilichoruka tundu lake. Binti aliyekuwa akififia mbele yake siku tano kwa wiki, huyo hakumwona, na mimi ninayesimulia nasema hakutaka.

Maana uchovu wa Godoro haukuwa ule wa mtu aliyekesha na vitabu. Aliamka amechoka kuliko alivyolala. Ngazi za kupandia maabara zilikuwa ishirini na mbili, naye alizipanda kwa awamu tatu, kila kituo akiinama kujifanya anafunga kamba za viatu. Akichana nywele, mkono ulishuka katikati ya kazi. Alijaribu dawa zote ambazo wanafunzi hupeana: kahawa nyeusi bila sukari, miguu ndani ya beseni la maji baridi, kusoma amesimama, kujifinya paja mpaka likawa na madoa. Alichokipenda zaidi ni barafu. Aliiomba kantini kikombe kizima, akaitafuna darasani ikilia kwenye meno, na Hadubini akauliza kama godoro hili linajazwa mawe.

Nyumbani hakupata nafuu. Mama yake alikuwa dobi, mtu wa kusimama kuanzia alfajiri, na kwake kuchoka kulikuwa tabia mbaya kama udokozi. Godoro alipomweleza kwamba damu yake ya mwezi humwagika siku nane, mara nyingine tisa, mama alisema ndivyo wanawake wa ukoo wao walivyo, shangazi zake ndivyo, bibi yake ndivyo, ajikaze. Akajikaza.

Sasa chuo kilikuwa na sheria yake: aliyelala darasani huandikiwa onyo, na maonyo matatu hukufungia mlango wa hospitali. Bila miezi sita ya mazoezi hospitalini hakuna cheti. Unarudi nyuma na kuanza na wadogo zako. Hadubini alimwandikia la kwanza mwezi wa pili. La pili alimwandikia mwezi wa nne, na safari hiyo alimsimamisha ukutani kipindi kizima, ili ukuta umfundishe kusimama. Dakika ya arobaini magoti yakamwisha. Hadubini akamruka pale sakafuni kama anavyoruka ndoo ya maji ya kudekia, akaendelea kufundisha.

Siku hiyo ndipo Godoro alipogundua dawa ambayo hakuna aliyewahi kumwambia. Alipokuwa akiokota daftari lake alihisi joto likimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi akapanda ngazi zote ishirini na mbili bila kusimama. Ilikuwa hasira. Kahawa ilimpa saa moja, hasira ikampa jioni nzima. Akaanza kuitunza kama watu wanavyotunza moto wa jikoni, akiichochea kila asubuhi kwa kukumbuka tarehe moja baada ya nyingine. Aliapa kwamba mtu yule atakiona cha mtema kuni, tena kwa mikono yake mwenyewe. Lililobaki lilikuwa namna tu.

Namna ililetwa na mwenzake wa benchi, binti mfupi waliyemwita Kipisi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kabla ya mtihani wa vitendo, na wawili hao walikuwa peke yao wakijizoeza ile mashine ndogo ya kupimia wingi wa damu. Kipisi alimtoboa kidole, akachovya, akasubiri ile dakika moja, kisha akasema mashine imeharibika. Wakarudia kidole kingine. Ilisoma tano nukta moja, wakati mwanamke mzima anatakiwa kuwa na kumi na mbili na zaidi. Kipisi akaweka mkono mdomoni.

Godoro alifungua daftari la mwenzake penye somo la upungufu wa damu, lile lililompita amelala, akasoma kwa mwandiko wa Kipisi maneno ya Hadubini mwenyewe: mgonjwa huchoka daima, husinzia, moyo humwenda mbio akipanda ngazi, hupata hamu ya kutafuna barafu. Mwalimu alikuwa ametoka kuyasema hayo alipomnyatia. Jina la Godoro alimpa katika kipindi kilekile.

Kipisi alimsihi waende hospitali saa hiyohiyo. Ukutani, juu ya vichwa vyao, palikuwa pamebandikwa amri iliyoandikwa na Hadubini kwa herufi kubwa, kwamba tokeo la kutishia maisha halikai mezani zaidi ya dakika kumi. Anayeliona analitangaza na kuliandika katika kitabu chekundu. Godoro aliisoma amri hiyo, akaiona tamu. Akamwapisha Kipisi asifungue mdomo mpaka siku ya mtihani.

Maana alikuwa anamjua mtu wake. Siku ya mtihani kila mwanafunzi humtoa mwenzake damu, vichupa hupewa namba badala ya majina, huchanganywa, na kila mmoja hupima asichokijua. Na kila mwaka msimamizi kutoka hospitali kuu, mama mmoja mkavu wa miwani, alichomeka kichupa kimoja cha mgonjwa kati ya vile vya wanafunzi. Kikipatikana, Hadubini alikitwaa na kufanya mchezo wake mbele ya mgeni: anaweka tone lake chini ya kioo cha kukuzia na kumsoma mwenye damu bila kumwona. Mchezo huo ulimpa umaarufu kuliko mshahara wake. Godoro alihitaji tu kubaki amesimama siku kumi na moja.

Siku hizo zilimpasua. Kipisi alimbebea mkoba, alimkalia pembeni darasani na pini ya kumchomea kiunoni kila kope zikishuka, usiku alilia. Onyo la tatu lingemaliza kila kitu. Hasira yenyewe ilianza kupungua nguvu. Siku ya tisa Godoro alilazimika kukumbuka tarehe zote mara mbili ndipo apate kushuka kitandani.

Mtihani ukafika. Mwanafunzi aliyepima kichupa namba kumi na saba aliinua mkono akidhani amekosea. Hadubini alikipima mwenyewe, tano kamili, akatabasamu kama aliyeletewa zawadi. Akapaka tone kwenye kioo, akalikausha na kulitia rangi, akainama. Darasa likasogea.

"Chembe ndogo, zimepauka," alisema, jicho likiwa bado kwenye hadubini yake. "Mwanamke huyu, tena kijana. Anamwaga damu kila mwezi kuliko anavyoitengeneza. Anachoka hata kuchana nywele. Nadhani anatafuna barafu. Na hii siyo ya wiki moja, ni ya miezi." Akainua uso, akamgeukia mgeni. "Kinachonishangaza, Mama, ni watu anaoishi nao. Ina maana huko aliko hakuna hata mmoja mwenye macho?"

Msimamizi alikuwa akipitisha kidole kwenye orodha yake. Alisema kwamba mwaka huu hakuleta kichupa chochote, gari lilichelewa. Akauliza namba kumi na saba ni nani.

Godoro alishika ukingo wa meza, akasimama.

"Ni yangu, Mwalimu. Mimi Godoro."

Hakuna aliyecheka. Hadubini alimtazama, na nafikiri ndiyo mara ya kwanza alimtazama: midomo iliyokuwa rangi ya karatasi, kucha zilizobonyea, kikombe cha barafu kando ya daftari. Uso ulimshuka taratibu. Nasema bila haya kwamba Godoro aliunywa uso ule funda kwa funda, ukazishinda kwa utamu kahawa zote alizowahi kunywa.

Msimamizi hakuwapa nafasi ya kupumua. Aliita gari la wagonjwa, akamkalisha binti kwenye kiti, akaamuru kitabu chekundu kiletwe, na aliyethibitisha tokeo aandike kwa mkono wake kama sheria isemavyo. Hadubini akaandika namba, kipimo, saa. Akafika kwenye safu ya dalili, zimeonekana lini na zimeonwa na nani, akasimamisha kalamu. Godoro akamsomea kutoka kichwani. Wiki ya tatu, alisinzia, ameonwa na mwalimu, akapewa jina. Mwezi wa pili, alisinzia, ameonwa na mwalimu, onyo. Mwezi wa tatu, alitafuna barafu, ameonwa na mwalimu, mzaha. Mwezi wa nne, alianguka ukutani, ameonwa na mwalimu, akarukwa. Kalamu ilikuwa ikikwaruza peke yake katika chumba kizima.

Ikabaki safu ya mwisho: tokeo lilijulikana lini kwa mara ya kwanza. Hadubini akasema kwa sauti ya chini kwamba hilo lilijulikana leo. Kwamba dalili ni dalili tu, bila kipimo hakuna aliyeweza kujua. Msimamizi akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa neno la haki kiasi, na lilikuwa mlango. Godoro akiuacha wazi, mtu wake angeponyokea hapo. Akiufunga, angejifungia naye ndani, kwa kuwa sheria ya dakika kumi haikusema popote kwamba damu yako mwenyewe imesamehewa. Kipisi alimvuta koti kwa nyuma, akimwomba anyamaze.

"Andika siku kumi na moja," Godoro alisema. "Nilijipima kwenye mashine ile pale, nikanyamaza kwa sababu nilitaka uisome wewe. Ilichukua dakika moja, Mwalimu. Mimi nimekaa nayo siku kumi na moja. Wewe dakika hiyo ulikuwa nayo miezi minne."

Akaandika.

Hospitali ilimwongezea mifuko miwili ya damu, na daktari akamweleza mama yake, taratibu, kwamba kumwaga damu siku tisa siyo sifa ya ukoo bali ugonjwa wenye dawa. Mama dobi alisikiliza ameshika mkanda wa mkoba. Kisha akauliza kama na yeye anaweza kupimwa.

Hukumu ilikuja siku ya tatu. Hadubini ameondolewa maabara mpaka mwaka uishe, atatunza stoo ya vioo. Godoro amepewa onyo la tatu, kwa kunyamazia tokeo. Mazoezi ya hospitali atayaona mwakani, pamoja na wadogo zake. Kipisi aliyeileta habari alitegemea kilio. Godoro alitafuna mkate wake, akasema ni bei nzuri.

Jioni hiyo Hadubini mwenyewe alikuja wodini, hana koti jeupe, kitabu chekundu kwapani. Taarifa ilihitaji saini ya mwenye damu. Godoro alijiinua kwenye mto. Alikuwa amejiandalia maneno ya kumkaribishia siku hii, yote makali, ayatoe moja moja. Akafungua ukurasa.

Chini ya tarehe zake nne palikuwa na mistari ambayo yeye hakuisema. Kwa mwandiko uleule uliosimama wima, mwalimu alikuwa ameongeza kwamba mwezi wa kwanza alimwona binti huyu ameegemea ukuta wa ngazi, anahema, na kamba za viatu vyake hazikuwa zimefunguka. Kwamba alijua kamba hazikufunguka. Kwamba alipita. Kwamba alifika ofisini, akawasimulia wenzake, wakacheka.

Godoro aliisoma mara mbili. Alimchukia zaidi. Alikuwa amemwendea na kisu, na mtu amejichoma mwenyewe, tena mahali ambapo yeye hakupajua, hata maneno yake makali sasa hayana pa kuingilia. Alitamani kumrushia kitabu usoni. Mkono wake uliokuwa umeshika ukurasa ulikuwa na joto, kucha zina wekundu kidogo.

Hadubini alimwona ameyafumba macho. Akasema hakuna haraka, apumzike, atarudi kesho.

"Sijachoka," alisema Godoro. "Lete kalamu."

Akasaini chini ya miezi minne ya mwalimu, kisha akashuka mstari mmoja, akasaini chini ya siku kumi na moja zake mwenyewe.