Nondo ya Saba

Siku Dokta Magese anazikwa kwao Mwandoya, Idara ya Jiografia ilijiaibisha mbele ya watu. Kaka wa marehemu alisimama kusoma wasifu, akafika kwenye mwaka wa kuzaliwa, akautaja kwa sauti kubwa: elfu moja mia tisa hamsini na nane. Papo hapo wahadhiri, wanafunzi na wahitimu wa miaka nenda rudi wakaurudia kwa pamoja: elfu moja mia tisa hamsini na nane. Msomaji akakwama. Mchungaji akainua macho. Akina mama wa Mwandoya wakatazamana, wakidhani labda ndivyo wasomi wanavyosali.

Hayakuwa maombi, yalikuwa mazoea. Marehemu alikuwa amewafundisha kwamba namba ikitajwa huko fildi, kundi zima liirudie kabla haijaandikwa, kwa sababu upepo wa Meatu unameza tarakimu. Namba isiyorudiwa si namba, ndivyo alivyokuwa akisema, na aliyejifanya kuandika kimyakimya alitumwa kuchota maji ya kambi nzima. Nyamizi, mchora ramani wa idara, ndiye aliyeurudia mwaka ule kwa sauti kuliko wote. Kisha akaanza kucheka, na kicheko chenyewe kikageuka kilio mpaka wakamtoa nje kumpa maji.

Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote Nyamizi hakuwahi kwenda fildi hata siku moja. Watu hudhani mchora ramani ni mtu wa kutembea. Wapi! Wanaotembea ni wengine. Yeye hubaki Bariadi kwenye chumba chenye meza ya kuchorea na makabati ya ramani za karatasi, akingoja daftari lirudi na vumbi lake. Korongo la Kimali alilijua kwa kalamu tu. Alijua kila kona yake, ila hakujua linanuka nini mvua ikinyesha.

Korongo hilo ndilo lililokuwa roho ya Magese. Miaka ishirini na mmoja iliyopita alipigilia nondo kumi na mbili kwenye sakafu yake, kila moja ikaachwa imetokeza sentimita ishirini, na kila Julai wanafunzi walikwenda kupima kimo cha chuma kilicho juu ya udongo. Mvua ikibeba udongo, nondo inazidi kutokeza. Ndiyo elimu yote, haina kona. Na kila mwaka zilizidi kutokeza, mpaka miaka minane iliyopita Magese alipomshawishi mjane mmoja wa Kimali, Nyanjige, aifunge ardhi ile iwe ngitili, yaani malisho yaliyotengwa yasiingiliwe na ng'ombe, kama Wasukuma wa zamani walivyofanya. Nyanjige alikubali, mashemeji zake wakanuna. Halafu Magese akaanza kuugua. Miaka minne ikapita hakuna aliyepima, na Machi ya mwaka huu wakamzika.

Sasa ilikuwa Julai, na mkuu wa idara, Dokta Fredrick Mayala, alikuwa na fomu mkobani. Chuo kilitaka kujua vituo vipi vya fildi viko hai na vipi vimekufa, na jibu lilitakiwa Ijumaa saa sita mchana. Nondo zikionekana, Kimali inabaki. Zisipoonekana, kituo kinafungwa, na mashemeji wa Nyanjige walikwisha kutoa kauli kwamba chuo kikiondoka tu, uzio unang'olewa na ng'ombe wanaingia. Ndiyo maana Nyamizi, mwenye miaka hamsini na tisa na magoti yanayolalamika, alipanda basi la chuo pamoja na wanafunzi, akiwa na daftari la Magese kifuani na ramani ya zamani ndani ya bomba la plastiki. Dokta Mayala alimwambia hakukuwa na haja ya kujisumbua. Nyamizi alijibu kwamba hajisumbui, anakwenda kumsalimia mtu anayemfahamu.

Walifika Jumatatu, na mpaka Jumatano jioni walikuwa hawajaona hata msumari. Si kwamba walikuwa wavivu. Daftari lilikuwa na namba za mahali kila nondo ilipo, kwa mwandiko safi wa Magese, na Debora wa mwaka wa pili aliziingiza kwenye simu moja baada ya nyingine. Simu ikawapeleka ndani ya ngitili, kwenye korongo moja lililojaa vichaka, wakafyeka, wakachimba, wakachomwa miiba mpaka masikioni. Kilima cha Kimali kina makorongo sita yanayofanana kama mapacha. Dokta Mayala mwenyewe aliwahi kubeba nyundo ya Magese enzi za uanafunzi wake, lakini wakati huo pale palikuwa pekundu na peupe, huoni hata nyasi. Sasa alisimama katikati ya majani yaliyomfika kifuani, akizunguka kama mgeni aliyesahau mlango wa choo.

Walimwendea Nyanjige. Alikuwa akichambua pamba uani, mama mnene asiyependa kupotezewa muda. Akawasikiliza, akapokea salamu zao za Kisukuma za mwadila, akawaambia hajui. Dokta Mayala alishindwa kuelewa vipi mtu asijue kilichomo kwenye ardhi yake.

"Magese aliniambia tusiingie, si ng'ombe, si watu," alisema Nyanjige. "Mimi ni mtu. Sikuingia."

Miaka minane! Nyamizi alimtazama mwanamke yule. Wako wanaoweka ahadi, na wako wanaoishika mpaka inawazuia kukanyaga shamba lao wenyewe.

Jumatano hiyo, wakinywa chai, Dokta Mayala alisema kwa upole kwamba nondo zimeibwa. Kijiji kinajenga, nani ataacha chuma kizuri kikae korongoni bure? Hakusema kwa ubaya. Alimpenda Magese kama baba, na Nyamizi aliona kuwa kuitia sahihi fomu ile kungemuuma kama kumzika mara ya pili. Lakini alikwisha kuitoa mkobani.

Asubuhi ya Alhamisi Nyamizi hakufuatana nao. Alikaa kwenye ngazi ya kanisa la zamani la Kimali, akaitandaza ramani magotini kama kitenge. Ilikuwa karatasi iliyochapwa kabla Debora hajazaliwa, pengine kabla mama yake Debora hajaolewa, na kanisa lilikuwamo, alama ndogo yenye msalaba. Aliliangalia kanisa la kwenye karatasi, akaliangalia la mawe nyuma yake. Jambo likaanza kumwasha kichwani. Akamwita Debora aliyekuwa akipita kwenda kisimani, akamwomba amsomee simu inasema wapo wapi.

Debora akasoma. Nyamizi akairudia namba, maana mazoea ni mazoea, kisha akaweka rula juu ya ramani. Simu na karatasi vilikuwa vikizungumzia kanisa lile lile, lakini havikupatana. Vilipishana mita mia tatu upande wa kaskazini na kusini, na themanini na sita upande wa mashariki na magharibi.

Alijipiga paji la uso kofi ambalo Debora alilisimulia baadaye kambi nzima. Alikuwa analijua jambo hili! Alifundishwa akiwa binti kwenye kozi ya uchoraji, na aliliandika kwa mkono wake kwenye mlango wa kabati la ramani kule Bariadi: ramani za zamani zilipimwa kuanzia msingi mmoja, na simu zinahesabu kuanzia msingi mwingine. Namba ni zile zile kwa sura, mahali si pale pale. Magese hakuwahi kuiamini simu; namba zake zote alizisoma kwenye karatasi. Naye Nyamizi, kwa kuwa miaka yote alizitoa kwenye karatasi na kuzirudisha kwenye karatasi, hakuwahi kuhitaji kukumbuka. Siku tatu nzima idara yenye shahada za kila rangi ilikuwa ikichimba korongo la jirani.

Hakungoja chai. Alikwenda mpaka walipokuwa wamefyeka, akawaambia waache majembe, kisha akawaongoza mita mia tatu kusini na themanini na sita mashariki, magoti yakilalamika na yeye akiyaambia yanyamaze. Dokta Mayala alifuata nyuma akiuliza maswali ya kitaalamu. Nyamizi alimjibu moja tu, kwamba hata yeye anastahili kuchekwa, lakini baadaye.

Waliteremka kwenye korongo jingine. Na hapo, jamani, mwanamke huyu ambaye hajawahi kulikanyaga korongo hilo alianza kutembea kama mtu anayerudi nyumbani gizani. Hapa linapinda kushoto, alisema kabla hawajaiona kona, na likapinda. Hapa linabanwa, na likabanwa. Mbele kuna jiwe lenye mpasuko. Walipokata vichaka, jiwe likawa pale, limepasuka katikati, kama alivyolichora mara kumi na saba. Nyamizi aliliwekea kiganja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, hakuwa na sababu ya kuyaficha.

Daftari lilisema nondo ya saba iko mita nne na nusu kutoka kwenye jiwe, kuelekea chini. Wakavuta tepu. Palikuwa na nyasi tu. Dokta Mayala alishusha pumzi, macho yakamwenda kwenye mkoba alimoirudisha fomu. Mara ya mwisho nondo hii ilipopimwa ilikuwa imetokeza sentimita arobaini na moja. Chuma kirefu namna hiyo hakijifichi kwenye majani.

"Chimba," Nyamizi akamwambia.

"Mama, si unaona mwenyewe haipo?"

"Naona haijatokeza. Chimba, Dokta."

Dokta akachukua jembe mwenyewe. Pigo la kwanza, udongo mweusi, laini. Pigo la pili, jembe likalia. Dokta Mayala alipiga magoti, akafukua kwa vidole, na ncha ya chuma ikatokea ikiwa na rangi nyekundu aliyoipaka Magese. Haikuibwa. Ilifunikwa. Korongo lililokula udongo miaka yote sasa lilikuwa likiurudisha.

Aliweka rula, akasoma, akasoma tena. "Nondo ya saba," alisema. "Tisa. Chini ya udongo."

Hakuna aliyerudia. Katika miaka yote ya kituo haikuwahi kutajwa namba ya chini. Nyamizi alishika kalamu juu ya daftari akingoja, kwa sababu namba isiyorudiwa si namba, na hakuwa tayari kuivunja sheria ya Magese siku kama hii.

"Kenda," ikasema sauti kutoka juu, kwenye uzio.

Alikuwa Nyanjige. Alikuwa amewafuata kutoka mbali, akasimama pale pale mpaka wa ngitili, vidole vya miguu vikigusa uzio, hakuuvuka.

Hapo kundi zima likaitikia kwa nguvu, tisa chini ya udongo, mpaka kware wakaruka vichakani. Nyamizi akaandika. Kufikia jioni walikuwa wamepata nondo kumi na moja, na zote zilikuwa chini. Ya kumi na mbili hawakuiona, na Dokta Mayala akasema hiyo ndiyo ya mwizi, aachiwe. Fomu ilijazwa Ijumaa asubuhi: kituo hai. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Alhamisi ile, wino haujakauka, Nyamizi aliinua uso, akamwita mama aliyesimama juu.

"Mayu, ingia. Umeruhusiwa."

Nyanjige alifikiri kidogo. Akauvuka uzio, akateremka akishika nguo, akafika walipo na kusimama karibu na jiwe. Miaka minane nyuma ndama wake alitumbukia humu akavunjika shingo, na tangu hapo alipakumbuka kama kidonda chekundu cha ardhi. Aligeuka huku, akageuka kule, majani yakimpapasa magoti.

"Sasa hilo korongo lenyewe," akauliza, "liko wapi?"

Nyamizi akamshika mkono. "Umelikanyaga, Mayu."