Mapumziko ya Mwaka Mmoja

...bonyeza tena, mama, kwa nguvu kidogo, na yeye anabonyeza, vidole vinne vya mkono wa kulia juu ya kioo, nguvu gani tena anayoitaka huyu binti wa dirisha la viza, au kioo kipasuke ndipo aridhike, na mashine inanung'unika, taa inakuwa nyekundu, haisomi, alama zako hazionekani mama, kwani ulikuwa unafanya kazi gani, dobi, alikuwa dobi wa hospitali, akifua mashuka ya waliojifungua na ya waliokufa, dawa ya madoa ikimla ngozi mpaka ncha za vidole zikabaki laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha, na huyo aliyesomeshwa kwa vidole hivyo yuko ng'ambo, anaviita sasa, navyo vimefutika... pole mama, ngoja niizime niiwashe, jifute na hiki kitambaa, kana kwamba ni uchafu, yeye aliyewafulia nusu ya mji huu. Kila kitu walichotaka amewapa, picha ya kifua, bima, barua ya mwaliko, barua ya benki ya mwanawe, hata cheti cha kifo cha mumewe, maana mtu anayeomba kukaa mwaka mzima kwa watu lazima athibitishe kwamba mumewe amekufa kweli, wangemuuliza mwanawe, lakini mwanawe naye hakuwepo mazishini, hakupata ruhusa kazini, alituma ujumbe, jikaze mama, na mama akajikaza, akazika, akapika, akaosha masufuria ya matanga peke yake... halafu mwaka huu simu, mama njoo upumzike, umehangaika sana, njoo ukae nasi mwaka mzima, sauti laini kabisa, ile ya utotoni alipokuwa anataka kitu, na nyuma ya hiyo sauti mkewe, mkwe ambaye hajawahi kumtia machoni, mwambie awahi bwana, likizo yangu ya uzazi inakwisha. Aliyasikia. Masikio yake hayana kasoro, aliyasikia vizuri, akajitia hamnazo, kesho yake akaenda kununua sanduku, na majirani wakamwonea wivu, naye akauachia wivu wao, ulikuwa mtamu.

Unakwenda kufanya nini kule, mama, anauliza binti, macho kwenye kompyuta, vidole tayari kuandika, na hili jibu analo, amekaririshwa na mwanawe kwenye simu kama mtoto wa chekechea, sema kutembea, mama, kumtembelea mwanao basi, usije ukataja kulea mtoto, ukitaja kulea wanakunyima viza, huku kulea ni kazi, na wewe viza yako si ya kazi... huku kulea ni kazi, alilimeza hilo neno siku ile, sasa linampanda kooni, kumbe wanajua! Watu wasiomjua, waliokaa kwenye viti vyao huko wakatunga sheria zao za roho mbaya, hata hao wameona kuamka usiku, kubeba, kubembeleza, chupa, nepi, wakasema hapana, hii ni kazi, anayeifanya ni mfanyakazi, na duniani kote mtu mmoja tu ndiye anayeiita mapumziko, na huyo ndiye aliyemnyonyesha. Angesema tu. Mama, tumeelemewa, njoo utusaidie, yeye si angekwenda hata kwa miguu, angekwenda na homa, amewahi kukataa kazi lini huyu mwanamke, lakini kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mtoto wa tumbo lake mwenyewe, halafu afundishwe na uongo wa kwenda kuusema mbele ya watu, hapana, hilo linauma, linauma kuliko kuzika peke yake... na mjukuu ana paji la uso la babu yake, amemwona kwenye picha, lilelile, pana, kama la mtu anayefikiria deni, akisema ukweli hapa hatamshika mikononi, hilo analijua.

Mama? Nakwenda kulea mjukuu, anasema, nimeitwa kazini. Binti ananyanyua macho kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, anatazama kulia na kushoto, anashusha sauti, mama, nikiandika hivyo watakukatalia, wewe si unamtembelea tu mwanao, niandike kutembea, anauliza kwa huruma kabisa, binti wa watu, na mashine imekwisha kuwaka, kioo kinasubiri, nyuma yake mtu anakohoa kuharakisha foleni, na yeye anaweka vidole vyake mahali pake, vinne, vimenyooka, andika nilichosema, mwanangu, na moyoni anamwomba radhi yule mdogo, si wewe, mjukuu wangu, wala si kwa ajili yako, ningekubeba mgongoni mchana kutwa, si wewe kabisa...