Maharagi ya Muke wa Éliakim

…ati «Mama Kanyere, nyungu ya hapa ku masomo haina ukoo», vile ndiyo Masœur Eliane alimuambia, amesimama pale ku mulango ya garderie, mikono ndani ya tabulie, na ile sauti ya polepole yenye bamasœur banatumikishaka kama banaongea na mugonjwa, ati haina ukoo, ati chakula ni ya batoto, hapana ya bakubwa na matata yao, sasa Masœur anajua nini ya ukoo, ye mwenye aliacha ukoo yake yote akaenda kuolewa na Yesu, bwana mwenye hana wifi wa kukutukana ku kilio… Kanyere alitaka kumujibu vile, neno ilifika mpaka ku meno, mais amechoka, ametoka kwake Mususa na miguu mu matope, magoti inalia kama mulango ya zamani, na mbele afungue kinywa Masœur amekwisha kumukalisha ku banc chini ya mabati na kumuwekea sahani ku magoti, obundu ya unga ya mihogo na maharagi, moshi inapanda bado, «Kula kidogo, Mama, mvua iko inakuja, mutoto amalize devoir yake ya masomo, kisha utaniambia kama unamutosha hapa ao unamuacha», akageuka, halafu akarudisha kichwa, «mais ukimutosha leo, nafasi yake nitaipatia mutoto mwingine kesho, beko bengi banangojea, batoto ba kukimbia vita, unajua mwenyewe», na Kanyere anajua mwenyewe, Falonne, mujukuu yake, alitoka wapi kama hapana mu ile kukimbia. Kanyere hapana gusa ile chakula. Sahani inachoma magoti kupita kikwembe, harufu inapanda, ni maharagi ya Lubero, ile makubwa ya rangi ya damu, anaijua, mugongo yake ilipindia mu ile mashamba, tumbo inaguna, nyamaza wewe tumbo, nani alikuuliza… na jikoni iko pale, ngambo ya lupango, moshi inatoka mu mulango, na mu ile moshi kuko mugongo ya mwanamuke anainama na kuinuka, anainama na kuinuka, muke wa Éliakim, Éliakim ndugu ya bwana yake, na Masœur anasema jina ya ule mwanamuke kama mutu anamwanga maji inje, Mama Jokébed hivi, Mama Jokébed vile, Mama Jokébed ndiye mukono ya cantine yetu, na Kanyere kila mara anasikia kama mutu anamukanyaga kidole ya muguu, juu ile jina ye hapana kuisema, tangu kilio ya Mathe, bwana yake, haijapita ku kinywa yake, ata mu kichwa hapana, ni «ule», ni «muke wa Éliakim», basi. Na ni ku mikono ya ule mutoto wa mutoto yake anakulaka, sikia sasa, kila siku Mungu analeta, kisha kengele ya masomo, batoto bengine banarudi kwabo, bale benye bamama beko ku soko banabaki, banakula, banasoma, mangaribi mama anakuja kubachukua, ndiyo garderie hiyo, Kavira alimuelezea akafurahi, akasema Mungu asifiwe, mapatri bameona taabu ya batu… Kavira alijua! Kavira muke wa mutoto yake, na ile macho ya upole, anamuletaka Falonne asubui, anamuchukuaka mangaribi, ataachaje kujua, ndiyo maana alikuwa anamuita bibi kama batoto, «Mukaka, usichoke kushuka mpaka kule, mi nitamuchukua, wewe pumuzika», kumbe pumuzika ni hii, na kama leo barabara ya Beni haingemufunga Kavira na bilayi yake, ile viazi ya kuuza, ku gari, Kanyere angekufa na hapana kujua. Lakini amekuja, na amekuta nini, mulango ya jikoni wazi, Falonne amekaa ku kagoda karibu na moto, na ule mwanamuke anakwangua chini ya nyungu, ile yenye inaunguaka kidogo na kushika, anaiweka mu kinywa ya mutoto na kidole yake, kidole! kama ndege na kitoto yake, na banacheka. Kanyere akavuta mutoto na mukono, «Sikukukataza kula kwa muke wa Éliakim?», Falonne akamuangalia na macho makubwa, «Mukaka, muke wa Éliakim ni nani? Huyu ni Mama Cantine», na ule mwanamuke akaweka tu mwiko chini polepole, vile mutu anaweka chini mutoto mwenye amelala… Kule ndani banasoma, Masœur anapiga meza na kijiti, «la po-mme», batoto bote «la po-mme», «la to-ma-te», sauti ya Falonne anaitambua, iko juu kupita zote, hapa mbele ile sauti haikuwako, ilikuwa wapi ile sauti… Mathe alikufa na njaa, ati. Ule ndiye alisema, hapana mwingine, pale Lubero, siku ya kumuzika Mathe, baridi ya mulima inaingia mu mifupa, catéchiste amesimama, banawake bote bameshikana, na muke wa Éliakim akapiga mikono, «Muangalie mifupa, muangalie! Ndugu ya bwana yangu amekufa na njaa mu nyumba yenye moto haizimikake!», mbele ya batu, mbele ya maiti, na Mathe hakufa na njaa ya kunyimwa, koo yake ndiyo ilifungwa, kitu ilimea ndani, docteur aliita ile kitu na jina ya kizungu haikushikika, Kanyere alikuwa anapika uji nyepesi kama maji, anachovya kidole, anaiweka ku mudomo ya bwana yake, anangojea, uji inarudi, anapangusa, anachovya tena, mpaka jogoo analia, mpaka jogoo ananyamaza, na nani aliona ile, hakuna, banaona tu mifupa. Basi akachukua nyungu ya kilio, yenye ule mwanamuke alipika na mikono yake, akaigeuza, maharagi yote ku udongo, kuku zikakimbia kula, zikaungua midomo, «Mutu wa tumbo yangu hatakula tena ku mukono yako, na jina yako haitatajwa mu nyumba yangu!», na haikutajwa, mu ile nyumba ya Lubero haikutajwa, mu hii ya Mususa haikutajwa, Kanyere amechunga ile matata vile bengine banachunga mbuzi, asubui anaihesabu iko, mangaribi iko. Ni kwake banakujaka kuuliza mbele ya ndoa, mbele ya ubatizo, «Mukaka, fulani akae wapi», na ye anabapanga, huyu alihamisha miti ya mupaka, asikae na ule, huyu mama yake alimutukania mukwe, apite mulango ya nyuma, bana ya Éliakim karibu na mulango, bana ya Mathe karibu na dirisha, sahani zisivuke, na zamani balikuwa banatii, banaogopa, sasa vijana banacheka na telephone ku mukono, «Mais Mukaka, ile matata ilitokaka wapi?», na kumuelezea mutoto wa leo kilio ya Mathe ni kazi, unaanza, anaangalia telephone, unaacha. Benye balikuwako balikufa. Catéchiste alikufa. Éliakim mwenyewe alikufa, banamuzika Kanyere hakuenda, alibakia mu nyumba anachambua maharagi yenye ilikuwa imekwisha kuchambuliwa… ni ye mumoja anaibeba hii mizigo, na ule kule ku moshi, babili tu, na nani ajue kama ule anaibeba bado ao aliitua zamani ku njia akaenda zake. Mulango ya garderie inafunguka, si Falonne, ni Masœur tena na chaki ku vidole, anaona sahani, anakaa ku banc, banc inalia, «Mama, nikuambie tu kitu moja kisha naenda, ile wakati Kavira alimuleta huyu mutoto hapa, unakumbuka vile alikuwa», kama anakumbuka! ni nani alikumbuka kuliko ye, Kavira alifika ku mulango ya Mususa na kikwembe moja na mutoto ku mugongo, kutoka Oicha, Zacharie hakuko nabo, Zacharie mutoto yake, alibaki mu mashamba ya kakao siku baasi baliingia, na mpaka leo ukimupigia ni ule mwanamuke wa mu telephone anajibu na kifaransa, Kanyere haelewe kifaransa mais ile anaielewa… na Masœur anaendelea, «…hapana kuongea, hapana kula, tunaweka sahani, anaangalia…», ndiyo, kinywa ilifungwa, ata kwa nyumba, Kanyere alimupikia kila kitu, ndizi, bilayi, samaki kidogo, mutoto anafunga meno, anaangalia mulango, na Kanyere usiku anasema rozari tena na tena, juu ile kinywa ya kufungwa anaijua, alishaiona mu nyumba yake, na mu masikio anasikia ile sauti ya Lubero, mu nyumba yenye moto haizimikake, mu nyumba yenye moto haizimikake… Hapo ndipo nyungu ilikutwa ku mulango asubui, yenye moto, imefunikwa na jani ya ndizi, hakuna mutu, mais Kanyere alijua ni nani, ule naye alikuwa amekwisha kuhamia huku mujini, ukoo mzima ulikuwa umesikia juu ya Zacharie, akamuambia Kavira rudisha, Kavira akasema «Mukaka, ni chakula tu», rudisha nimesema, na Kavira akaibeba ku kichwa akaenda, hakulia, Kavira haliake… «…na Mama Jokébed akaniambia, ma sœur, huyu niachieni, akamukalisha karibu na moto, hapana kumulazimisha, anakwangua tu nyungu, anaweka kidogo ku kidole, anaweka kidole pale karibu na mudomo, anangojea. Inaanguka, anapangusa. Anaweka tena. Mi nikamuambia, Mama, utachoka, batoto bengine banangojea, akasema acha nichoke, ni mutoto wa kwetu», na Masœur anasimama, anapangusa chaki ku tabulie, «siku nyingi, Mama, siku nyingi alifanya vile, mpaka kinywa ikafunguka», anaingia, «la ta-ble», batoto bote «la ta-ble». Inaanguka, anapangusa, anaweka tena. Kanyere anaangalia kidole yake mwenyewe, ya kuume, imepinda, kucha imepasuka, hii ndiyo ilikuwa ku mudomo ya Mathe, hakuna mutu alijua ile kazi ya kidole, kungojea ku mudomo ya mutu mwenye unapenda na mudomo haifunguke, mukono inakufa ganzi na huwezi kuishusha, ile kazi hakuna mutu alimuonea, na alikuwa anafikiri rozari ndiyo ilifungua kinywa ya Falonne, alimuambia jirani yote, Bikira amesikia, kumbe Bikira alikuwa ametuma nani, angalia mizaha ya mbinguni… basi ule naye anajua sasa. Anajua kinywa ya kufungwa iko namna gani. Alikaa pale ku moto, macho inalia na moshi, chakula inaanguka, anapangusa, na hawezi kuwa hakufikiri juu ya Lubero, hawezi, mutu ata kama ni jiwe atafikiri, atasema kumbe ni hivi, kumbe yule mwanamuke alikuwa anafanya hivi, na alisema acha nichoke, mutoto wa kwetu, wa kwetu ati… Hasira inatafuta pa kukaa, inazunguka mu kifua kama kuku mwenye bamevunjia kiota, haipate. Amutoshe mutoto? Amupeleke wapi, ku nyumba, na ye Kanyere miguu hii, na Kavira ku barabara ya Beni, na kama ile kinywa inafunga tena? Alimukataza, ndiyo, alimukataza mara na mara, usikule kwa muke wa Éliakim, mais utamukataza mutoto mutu mwenye haumupe jina namna gani, ye mwenyewe ndiye alifunga ile jina mu nyumba, aliifunga vizuri, mutoto akapita pembeni yake akaenda moja kwa moja mu mikono ya ule, na hakuna mutu wa kulaumu, hakuna, ni kufuli yake. Mvua haijanya bado, iko pale juu ya mulima, nyeusi. Moshi ya jikoni imepunguka na mugongo iko inaonekana vizuri, imekonda, tazama, alikuwaka munene ule mwanamuke, alikuwa na mabega ya kubeba mifuko mbili, sasa mabega imeanguka kama ya mutu yoyote…

«Mukaka, unakula?»

Ni Falonne, na sac ku mugongo, wino ku shavu, na shavu yenyewe imejaa, tangu wakati gani imejaa vile.

«Nani amekuambia ninakula.»

«Uko na maharagi ku mudomo.»

Kanyere anagusa mudomo. Ni kweli. Na obundu iko na shimo ya kidole pale pembeni, na hajue mukono ilitoka wakati gani, haikuomba ruhusa, muchawi wa mukono. Sahani iko ku magoti vile vile, imejaa bado, moto imepunguka kidogo tu. Anatafuna ile yenye ilibakia ku meno, anatafuna polepole, mutoto anamuangalia vile batu banaangaliaka mutu ku mizani.

«Inakosa chumvi.»

«Mama Cantine anasemaka chumvi mingi ni mubaya kwa bazee.»

«Ah! Na yeye ni mutoto?» na kitu inataka kutoka mu kifua, inafanana na kukohoa, inafanana na kucheka, anaimeza. «Weka sac chini. Enda kule jikoni, umuambie.»

«Nimuambie Mama Cantine?»

«Hapana. Hapana Mama Cantine.» Ulimi inalala, haitake, inafanya kama muguu yenye ilikaliwa zamani. «Jokébed.»

«Jokébed ni nani?»

«Enda tu pale ku moshi, uite ile jina na nguvu, utaona mwenye atageuka. Umuambie: Kanyere amesema maharagi inakosa chumvi. Vile vile, mutoto wangu, usiongeze neno. Umuambie Kanyere amesema.»