Ujumbe wa Kompyuta ya Kumi na Saba

Shemeji alikuwa na tabia moja mbaya: ukipita nyuma yake, anafunga dirisha kwenye skrini. Mtu asiye na la kuficha hafungi dirisha. Hivyo ndivyo Mama Nyaya alivyoona, na Mama Nyaya akishaona jambo, hata umpigie magoti habadiliki.

Ni yeye aliyemwingiza kazini, baada ya mdogo wake kumlilia: "Dada, mume wangu anajua hesabu, mtafutie nafasi." Ofisi yao ilitabiri mafuriko. Kompyuta sitini na nne ziligawana mto mmoja. Kila moja ilihesabu kipande chake, kisha ikaitumia jirani yake ujumbe: maji yanakuja kiasi hiki. Ujumbe ukifika hukaa kwenye bafa, mahali pa kungojea, mpaka usomwe. Bila ujumbe huo, jirani hasogei. Shemeji alipewa kipande cha bwawa, kompyuta ya kumi na saba, kwa majaribio ya miezi mitatu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama Nyaya akaandika kifaa kidogo cha amri: unaandika neno moja na namba ya kompyuta, nacho kinakuonyesha jumbe zilizomo kwenye bafa yake. Asubuhi ya kwanza akachungulia kumi na saba. Ujumbe ulikuwa umefika salama kutoka kumi na sita. Dakika moja baadaye hesabu nzima ikaganda, na kumi na saba ikaandika: nangoja ujumbe.

"Ehee!" alisema peke yake. "Mwongo huyo."

Wiki tatu alimkalia kooni. Kila alipochungulia aliukuta ujumbe umefika, na hesabu imeganda. Akachapisha ushahidi wote, akampelekea mkuu, naye akawaita wote wawili.

"Bwana, ujumbe huu hapa. Mbona programu yako inasema haujafika?"

"Mkuu, haujanifikia." Shemeji akamgeukia Mama Nyaya. "Shemeji, wewe unanijua. Naapa, nikitazama bafa yangu ni tupu."

"Na lile dirisha unalofunga kila nikipita?"

Akainamisha kichwa. "Masomo ya wanaoanza. Niliona haya unikute nayasoma."

Uongo mzuri, alijisemea Mama Nyaya, tena umeandaliwa mapema. Jioni hiyo Shemeji alirudisha kadi ya mlangoni. Mdogo mtu akaacha kupokea simu.

Hesabu ikaanza kwenda bila kukwama. Mama Nyaya hakuwa na wa kumchunguza tena, akatembea ofisini kifua mbele. Siku ya tisa walikuja wageni, na mkuu akasema, "Hebu waonyeshe kile kifaa kilichomnasa yule bwana."

Mama Nyaya akachagua kompyuta ya nne, kipande alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe, ambacho Shemeji hakuwahi kukigusa. Ujumbe huo hapo, umefika salama. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha hesabu ikaganda, na kompyuta ya nne ikaandika: nangoja ujumbe.

Wageni walipotoka alifungua programu ya kifaa chake, akaisoma mstari kwa mstari. Pale alipotakiwa kuiamuru itazame ujumbe, aliiamuru iupokee. Kifaa kilikuwa kikiutoa ujumbe kwenye bafa, kikimwonyesha, bila kuurudisha. Mwenye ujumbe alibaki anangoja kitu ambacho Mama Nyaya alishamnyang'anya.

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. "Kiti chake nimeshakijaza," alisema.

Jioni hiyo Mama Nyaya akaenda mpaka kwa mdogo wake. Mlango ulifunguliwa nusu.

"Kuna kingine kimeharibika?"

"Kosa lilikuwa langu, mdogo wangu. Tangu siku ya kwanza. Nimekuja kumwomba msamaha."

Mdogo wake akamwonyesha chumba cha ndani kwa kidole.

"Yumo humo na makaratasi yake. Nilipokutukana alinikataza. Alisema, 'Dada yako ni mjuzi. Kama ameuona ujumbe, basi nimekosea mimi.' Siku ya tisa hii, anatafuta alipokosea."